Oxford Collocations Dictionary: kamusi ya mtu anayeandika ripoti

Kama kazi yako inakudai uandike Kiingereza, si kukizungumza tu, inunue kamusi hii kabla ya kitabu kingine chochote cha msamiati. Nalitanguliza hilo kwa ajili ya wale wanaotaka jibu tu. Jina lake kamili ni Oxford Collocations Dictionary for Students of English, na ninayoizungumzia hapa ni ya toleo la pili, lililotoka 2009. Wenye muda kaeni niwaeleze, maana nina mengi ya kusema juu yake, mazuri na machungu.

Mimi ni afisa mradi hapa Mwanza. Shirika letu ni dogo, na kazi yetu ni vikundi vya akina mama wanaonunua dagaa wabichi mialoni, pale ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki, wanawakausha na kuwauza. Kutwa nzima tunaongea Kiswahili na Kisukuma. Tukivuka kwenda Ukerewe vinaongezeka Kikerewe na Kijita. Halafu robo mwaka inaisha, na yote tuliyoyaona na kuyasikia lazima yageuke Kiingereza, ukurasa baada ya ukurasa, yaende kwa wafadhili ambao wengi wao hawajawahi kukanyaga Igombe wala Mwaloni Kirumba. Mimi ndiye ninayekusanya rasimu za wenzangu na kuziunganisha ziwe ripoti moja. Kwa hiyo Kiingereza cha ofisi nzima kinapita mkononi mwangu, na naujua ugonjwa wake.

Ugonjwa wenyewe si uhaba wa maneno. Mtu aliyesoma Kiswahili shule ya msingi, akabadilishiwa lugha kidato cha kwanza, akamaliza chuo, ana maneno mengi ya Kiingereza, tena mengine mazito. Anajua "exacerbate", anajua "ameliorate", anajua "paramount". Aliyakariri kwa orodha, neno upande huu na maana upande ule. Lakini akitaka kuandika kwamba utafiti umefanyika, kalamu inasimama kwenye kitenzi. Ni "make" au ni "do"? Anaandika "make research", na msomaji wa Kiingereza anajikwaa. Hakuna kosa la sarufi hapo, wala hakuna neno lisilojulikana. Kilichokosekana ni kujua neno gani huandamana na lipi, na mwandamano huo ndio Kiingereza huuita "collocation".

Jambo hili tunalijua vizuri sana katika Kiswahili, ila hatukufundishwa kulitazama. Chukua kitenzi kata. Tunakata tiketi, tunakata rufaa, tunakata kiu, tunakata shauri, tunakata tamaa, na mwisho wa yote mtu anakata roho. Hakuna kisu popote. Mgeni anayejua kwamba kata ni kitendo cha panga na kisu hawezi kubuni kwamba rufaa nayo hukatwa. Atasema kufanya rufaa, kuomba rufaa, kutengeneza rufaa, nasi tutamwelewa na kumsahihisha kwa upole. Na angalia njia ambayo angeweza kulipata jibu: akianza na kata atazunguka siku nzima, lakini akianza na rufaa, kitenzi chake kiko palepale. Nomino ndiyo mlango. Kamusi hii imejengwa juu ya ukweli huo.

Basi tuifungue. Ukubwa wake ni karibu vidahizo 9,000, yaani maneno unayoyatafuta kwa alfabeti, na chini ya vidahizo hivyo kuna zaidi ya michanganyiko 250,000 ya maneno yanayoandamana. Kwenye nomino, kwanza zinakuja sifa zinazoandamana na neno, zikiwa zimepangwa kwa makundi ya maana: kundi la ukubwa, kundi la udogo, kundi la uzuri, na kati ya kundi na kundi kuna mstari mdogo wa wima. Baada ya sifa linakuja neno la kuhesabia, pale nomino isipohesabika yenyewe. Kisha vitenzi vinavyoitangulia nomino, kisha vitenzi ambavyo nomino ndiyo inayovitenda, kisha vihusishi, na mwisho misemo iliyokwisha kuganda. Mpangilio ni ule ule kutoka A mpaka Z. Ukishauzoea, jicho linakwenda lenyewe pale unapopataka.

Mfano wa kwanza ninaompa kila anayeniuliza ni "evidence". Hakuna robo mwaka inayopita bila rasimu kuja na "evidences", na ndugu zake "equipments", "advices" na "informations". Fungua "evidence" na kile kipengele cha kuhesabia kinakupa "piece", pamoja na "shred" na "scrap" kwa kipande kidogo kabisa cha ushahidi. Hapo hapo umejifunza kwamba neno lenyewe halichukui wingi, bila mtu kukusomea kanuni. Ukipanda kwenye sifa unakuta zile za ushahidi mwingi, zile za ushahidi unaoshawishi, na zile za ushahidi haba. Ukishuka kwenye vitenzi unajua kwamba ushahidi hukusanywa, hutolewa, hupimwa. Mtu aliyekuwa akiandika "strong evidence" ripoti nzima sasa ana namna za kutofautisha uzito wa alichokiona, na kutofautisha uzito ndiyo kazi yenyewe ya ripoti.

Mwingine ni "challenge". Neno hili limeota kama magugu kwenye ripoti za mashirika yetu. Kila kitu ni changamoto, na changamoto zote ni "big" au "many". Kamusi inaonyesha kwamba changamoto inaweza kuwa "daunting" au "formidable", kwamba hali fulani hu-"pose" changamoto, watu hu-"face", na wakiikabili kiume au kike wana-"rise to" hiyo changamoto. Lakini faida kubwa niliyoipata kwenye kidahizo hicho haikuwa sifa mpya. Nilipoona vitenzi vyote hivyo vimepangwa, nikatambua kwamba mara nyingi tunaandika "challenge" kwa sababu hatujaamua kusema tatizo ni nini. Mvua ni mvua. Mkopo ni mkopo. Tangu hapo nikikutana na "challenge" kwenye rasimu, namrudishia mwandishi na kumwomba anitajie kitu chenyewe, halafu ndipo tunakwenda kwenye kamusi kutafuta maneno ya kitu hicho.

Kazi inayonifanya niipende kamusi hii kutoka moyoni ni ile ya ushuhuda wa akina mama. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku wa giza, kwa taa, na asubuhi mama ananunua ndoo zake na kuwaanika. Mwenye kichanja anaanika juu ya kichanja. Asiye nacho anaanika mchangani. Mama mmoja wa Igombe alituambia hivi: "Mvua ikitukuta dagaa wako mchangani, mwanangu, tumekwisha. Na hela ya mkopo imo humo humo." Rasimu ya kwanza iliyonifikia iliandika kwamba wanawake wanakabiliwa na changamoto kubwa ya mvua. Mama yote aliyoyasema yamepotea: asubuhi moja, mzigo mzima, deni linalobaki. Niliketi na kamusi nikaingia kwa nomino tatu, mvua, hasara na mkopo. Kwenye mvua ilinipa "heavy". Kwenye hasara ilinipa "suffer" na "heavy losses", ambayo niliiacha, kwa sababu inanuka uhasibu na mama hakuongea kihasibu. Kwenye mkopo ilinipa "take out" na "repay". Sentensi iliyokwenda ilikuwa hii: "One morning of heavy rain and the whole catch is ruined; the women still have to repay the loans they took out to buy it." Maneno yote humo ni ya kawaida, mtoto wa kidato cha pili anayajua. Yamekaa na wenzake wanaostahili, basi, na msomaji aliye mbali hajikwai popote. Macho yake yanabaki kwa mama na dagaa wake. Kwangu hiyo ndiyo heshima ninayodaiwa na mtu aliyenipa muda wake pale mwaloni. Sioni sababu akawa na ufasaha kwa Kiswahili halafu mimi nikamfikisha Ulaya akiwa bubu.

Tuna kijana wa chuo aliyekuja kwetu kufanya field, na ndiye aliyenifanya nitambue kwamba kamusi inahitaji kufundishwa namna ya kuifungua. Alikuja mezani na rasimu yake.

"Dada, hapa niandike 'do' au 'make'? Nimeangalia 'make' kwenye kamusi yako sijaona kitu."

"Mdogo wangu, unafanya nini hapo kwenye sentensi?"

"Uamuzi, dada. Kikundi kimefanya uamuzi."

"Basi fungua uamuzi."

Akafungua "decision" na akakaa kimya kidogo, anasoma. Alikuta "make" na "take", akakuta pia "reach" na "come to". Akaniuliza tofauti, nikamwambia hiyo sasa ndiyo kazi ya kufikiri: kikundi kilikaa kikajadiliana mpaka jioni, au mwenyekiti alisimama akasema? Akachagua "reached", kwa sababu yeye mwenyewe alikuwepo kwenye kikao hicho na alijua kilivyokuwa kirefu. Hakuna kamusi ya kawaida, hata ile kubwa ya wanafunzi, ambayo ingemfikisha hapo kwa haraka hiyo.

Historia ya vitabu vya aina hii nayo inanipa moyo, na nadhani walimu wetu wangeisimulia madarasani. Wazo la kuwakusanyia wanafunzi maneno yanayoandamana halikukomaa Uingereza. Lilikomaa Japani. Mwalimu Mwingereza, Harold Palmer, alikwenda huko 1922, akaanzisha Tokyo taasisi ya utafiti wa ufundishaji wa Kiingereza, na mwaka 1933 taasisi hiyo ikatoa ripoti ndefu juu ya michanganyiko ya maneno ambayo mwanafunzi lazima aijifunze mizima mizima. A. S. Hornby, Mwingereza mwingine aliyekuwa akifundisha nchini humo humo, akaichukua kazi na kuiendeleza, na kamusi yake ikachapishwa Tokyo mwaka 1942. Oxford waliitoa upya 1948, na ndiyo mzizi wa Oxford Advanced Learner's Dictionary ambayo wengi tuliiona maktaba ya shule. Kwa hiyo kamusi hizi zilitungwa kwa kuwatazama watu kama sisi, watu wazima wenye lugha yao kamili ambao Kiingereza wamekikuta mbele ya safari. Baadaye, mwaka 1957, mtaalamu wa isimu J. R. Firth akasema kwamba neno utalijua kwa kuwatazama linaoandamana nao, na kauli hiyo inatajwa na kila mtu. Lakini wanafunzi wa Japani walikuwa wameshalihitaji jambo hilo miaka mingi kabla.

Kingine kinachonipa imani na kamusi ni chanzo chake. Toleo la kwanza, la 2002, lilitegemea hazina ya matini iitwayo British National Corpus, maneno milioni 100 ya Kiingereza cha Uingereza kilichoandikwa na kuzungumzwa. Toleo la pili lilihamia Oxford English Corpus, iliyo kubwa zaidi kwa mbali na yenye Kiingereza cha Marekani na kwingineko pia. Maana yake, mchanganyiko ukiwemo humo ni kwa sababu watu wengi wameuandika, si kwa sababu mzee mmoja ofisini aliona unapendeza.

Sasa machungu.

Kamusi hii haitoi maana ya neno. Kabisa. Inakupa sifa kumi za mvua na kukuachia mwenyewe ujue ipi ni ya manyunyu na ipi ni ya gharika. Makundi yanasaidia, mifano ya sentensi inasaidia, lakini mifano haipo kwa kila mchanganyiko. Kwa mtu ambaye Kiingereza chake bado kinachechemea, ni hatari: atachagua neno linalosikika kubwa na kuliweka mahali ambapo litavunja sentensi. Hii ni kamusi ya mtu ambaye akisoma Kiingereza anaelewa, ila akiandika ndipo anasita. Weka kamusi ya kawaida pembeni, ya karatasi au ya kwenye simu, na usichukue neno ambalo hujawahi kuliona likitumika kokote.

Pili, ni ya 2009. Lugha iliyozaliwa baada ya hapo haimo. Maneno yote ya UVIKO-19 ambayo yalijaza ripoti zetu hutayakuta. Inakuja na kisahani cha CD cha kuweka kwenye kompyuta, na kompyuta mpakato nyingi za sasa hazina hata tundu la kukiingiza. Kwa hiyo unaponunua, hesabu kwamba unanunua karatasi. Maandishi yake ni madogo na yamebanana, na kwa sisi tunaofanya kazi usiku baada ya watoto kulala, taa nzuri ni lazima.

Tatu, dunia yake si dunia yetu. Dagaa hawamo, mwalo haumo, kichanja hakimo, na sidhani ni haki kuidai kamusi ya Oxford iwe nayo. Ila jua hivyo mapema. Lugha ya fani yako utaipata kwenye ripoti za fani yako. Mimi nasoma machapisho ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, kuhusu uvuvi mdogo na kuandika pembeni vitenzi wanavyovitumia kwa samaki, upotevu na ukaushaji. Kamusi inanipa mifupa ya sentensi. Nyama ya fani naitafuta huko.

Wapo watakaosema kamusi si kitu cha kusomea, wanataka kitabu cha mazoezi. Kwao kipo English Collocations in Use Advanced cha Michael McCarthy na Felicity O'Dell, kutoka Cambridge. Kilitoka kwanza 2008, na toleo la pili ni la 2017. Kina sura 60, kila sura kurasa mbili tu zinazotazamana: kushoto maelezo na mifano, kulia mazoezi, na majibu yote yako nyuma ya kitabu. Ni kitabu cha mtu anayejifunza peke yake, bila mwalimu, na kimetengenezwa kwa uangalifu. Kinakuambia lipi ni la maandishi rasmi na lipi ni la mazungumzo, jambo ambalo kamusi inaligusa kwa ufupi tu. Mada zake ni kama kazi, uchumi, mazingira, afya, sheria, na pia maisha ya kila siku ya Uingereza ambayo mengine yatakuwa mageni kwako.

Kama unajiandaa na IELTS, ule mtihani wa Kiingereza wa wanaoomba kusoma nje, kianze hicho kabla ya kamusi. Mtihani ule unapima uandishi kwa vigezo vinne, na kimoja ni utajiri wa msamiati. Ukisoma maelezo ya daraja la 7 utakuta wametaja waziwazi ufahamu wa mtindo na wa maneno yanayoandamana. Hawakutaja maneno marefu. Ninalirudia hili kwa kila mdogo wangu anayeomba ufadhili wa masomo nje, kwa sababu wengi wanakesha wakikariri orodha za maneno magumu, na wanafika kwenye mtihani wakiwa nayo mengi ambayo hayajui kukaa na jirani.

Tatizo la kitabu cha mazoezi ni kwamba kinaisha kichwani haraka usipokitumia. Unajaza nafasi, unafurahi umepata, na baada ya wiki chache huna kitu. Dawa ninayoijua ni kaunta buku. Naandika kifungu kizima, kamwe si neno moja, na chini yake naandika sentensi moja ya kazi yangu halisi. Siandiki "loan". Naandika "take out a loan", halafu naandika kikundi gani kilichukua mkopo gani. Sentensi inayohusu watu ninaowajua inabaki.

Na nahau? Najua wengi mnaotafuta Kiingereza cha juu mnaanzia huko, na maduka ya vitabu yanajua pia, kwa hiyo rafu zimejaa. Ushauri wangu ni kwamba nahau ziwe za mwisho. Nimefanya kazi na Waingereza na Wakanada hapa Mwanza, masika ikatunyeshea wote, na sijasikia hata mmoja akitamka ile ya paka na mbwa wanaonyesha kama mvua, ambayo kila mwanafunzi wa Tanzania anaijua. Fikiria mgeni anayeingia kikaoni Igombe na kutupa methali kila baada ya sentensi mbili. Tutampenda kwa bidii yake, lakini tutashindwa kumsikiliza anachosema.

Nahau unazozihitaji kweli ni zile za kwenye vikao na barua pepe, na hizo uzijue kwa kuelewa, si kwa kuzitumia. Mtu wa makao makuu akiandika kwamba mfadhili ame-"move the goalposts", analalamika kwamba masharti yamebadilishwa katikati ya kazi, na kama hukuelewa utajibu kitu kingine kabisa. Akisema kiasi fulani ni "a drop in the ocean", anasema hakitoshi, tena hakitoshi kwa mbali. Akisema "the ball is in your court", anasubiri hatua yako, na kimya chako kitahesabiwa. Hizo zinagusa mkataba na bajeti, zijue. McCarthy na O'Dell wanacho pia kitabu cha nahau cha ngazi hiyo hiyo, chenye mpangilio ule ule wa kurasa mbili mbili, na ni kizuri kwa kusoma na kutambua. Lakini kwenye ripoti yenyewe sitii nahau hata moja, na nikiikuta kwenye rasimu naitoa.

Kuhusu kuipata: miji yetu mingi haina duka linaloiweka rafuni, hivyo ni kuagiza Dar es Salaam au Nairobi, au kumpa hela ndugu anayesafiri. Bei ni nzito kwa mshahara wa mashirika madogo, na ndiyo maana nakala za kutoa kopi zimezagaa. Nimeziona. Zile herufi ndogo zinageuka ukungu, na mistari ya wima inayotenganisha makundi ya maana inapotea, wakati makundi hayo ndiyo nusu ya thamani ya kamusi. Bora ofisi inunue moja halali ikae mezani kwa wote. Yetu tuliinunua hivyo, imefungwa kava la nailoni, na hairuhusiwi kutoka nje ya chumba. Ukikuta toleo la kwanza la 2002 kwa bei ya mitumba, lichukue bila wasiwasi. Lina michanganyiko 150,000 hivi, limeegemea zaidi Kiingereza cha Uingereza, lakini mpangilio ni ule ule na kwa ripoti litakufaa. Angalia mwaka kwenye ukurasa wa haki za uchapishaji, maana muuzaji wa mitumba atakuambia ni jipya.

Asiye na hela kabisa atumie SKELL, tovuti ya bure ya watu wa Sketch Engine, programu ya kuchambua hazina za matini. Haihitaji kujisajili. Unaandika neno, inakuletea sentensi halisi zisizozidi 40 zenye neno hilo, na ukibonyeza sehemu ya pili inakuonyesha vitenzi na sifa zinazoandamana nalo, zimepangwa kwa kazi yake kwenye sentensi. Kwenye simu ya kawaida inafunguka bila shida na haili bando. Ila mashine haikuchagulii kama wahariri wa kamusi walivyochagua. Matokeo mengine ni takataka za mtandaoni, na lazima uyapepete. Ingia kwa nomino, kama kawaida.